Nani wa Mwisho? Programu za Kuandika Pamoja Zinavyopatana, na Jinsi ya Kuendesha Seva Yake

Yeyote aliyewahi kuingizwa kwenye kamati ya harusi ya WhatsApp anaijua orodha hii. Mwenyekiti anaanza: 1. Familia ya bwana harusi, 2. Mjomba Saidi, 3. Majirani wa Mbagala, na kadhalika. Anayeahidi ananakili ujumbe wote, anaongeza jina lake chini na kuurusha tena kwenye kundi. Mambo yanakwenda hadi saa mbili usiku, watu wakisharudi makwao. Wawili wananakili orodha ya majina 13 kwa dakika ileile, na kila mmoja anajiandika wa 14. Anakuja wa tatu, ananakili ile iliyo chini na kujiandika wa 15. Hapo mmoja kati ya wale wa 14 ameshafutika, na ukiuliza nani kamfuta, hakuna.

Kwenye kamati yetu aliyefutika alikuwa shangazi wa bibi harusi, naye alikuwa ameshalipa. Zilipigwa simu hadi usiku wa manane.

Wakati kamati ikitulia, kijana mmoja akasema jambo ninalolisikia sana siku hizi, ofisini na kwenye vikoba: kwa nini tusitengeneze programu yetu, watu waandike kwenye waraka mmoja kama Google Docs? Vifaa vya chanzo huria vipo, vya bure, unapakua na kuwasha tu. Ni kweli vipo. Ila katika sentensi hiyo moja kuna mambo matatu yaliyochanganywa, na wengi huyagundua wakiwa wameshakodi seva.

Tuweke maneno sawa kwanza. Programu ya kushirikiana papo kwa papo ni ile ambayo watu wawili au zaidi wanafungua waraka mmoja, kila mtu kwenye kifaa chake, na anachoandika mmoja kinatokea kwa wenzake bila kutumiana chochote. Bekendi ni upande usioonekana wa programu. Kwenye mgahawa, meza na mhudumu ndiyo skrini yako, na bekendi ni jiko. Chanzo huria maana yake ni kwamba msimbo wa programu uko wazi, na leseni yake inakuruhusu kuusoma, kuutumia, kuubadili na kuugawa. Haimaanishi kwamba data zako ziko wazi. Nalisema mapema kwa sababu nimewahi kumsikia mhasibu akikataa programu huria kwa hoja kwamba kila mtu ataona mahesabu yao. Upishi wa pilau unajulikana mji mzima, lakini jirani haoni kilichomo kwenye sufuria yako.

Sasa tuje kwenye dhana inayopotosha zaidi: kwamba kazi ngumu hapa ni kasi. Mtu anadhani akipata seva yenye nguvu na intaneti nzuri, watu wataandika pamoja bila mgongano. Lakini ukiwa Dar es Salaam na seva iko Ulaya, ujumbe kwenda na kurudi huchukua zaidi ya milisekunde 100, kwa sababu njia ni ndefu na hata mwanga ndani ya waya wa chini ya bahari una mwendo wake. Katika muda huo mwandishi mwenye vidole vyepesi anaweza kuwa ameshaigusa herufi nyingine. Yaani wakati herufi yako iko njiani, na yangu iko njiani. Hakuna "sasa" moja inayotuhusu sote wawili. Nunua seva ya gharama yoyote, pengo hilo litabaki, hivyo swali la kujiuliza ni namna nakala mbili zilizoachana zitakavyokubaliana.

Watu wamejaribu njia nyingi. Ipo ya kufuli: anayefungua faili anawafungia wengine, kama lile faili la Excel la ofisini linalodai linatumiwa na mtu ambaye yuko likizo. Ipo ya "wa mwisho ndiye mshindi", na hiyo tumeiona ikimfuta shangazi. Mwaka 1989 Clarence Ellis na Simon Gibbs walieleza njia ya tatu, ambayo ndiyo iliyokuja kuibeba Google Docs. Fikiria zahanati inayotumia namba. Wewe ni wa 14. Akiingizwa mgonjwa wa dharura katika nafasi ya 5, kuna mtu lazima apite benchi zima akisahihisha: wewe sasa ni wa 15, wewe wa 16. Kila badiliko linatafsiriwa upya kwa kuzingatia mabadiliko mengine yaliyotangulia. Njia hii inafanya kazi, na kwa muda mrefu ndiyo iliyotawala. Lakini kihesabu ni kazi ya kukuna kichwa, na kwa kawaida inahitaji karani mmoja katikati ambaye ndiye pekee anayejua mpangilio sahihi.

Sasa ingia zahanati isiyo na namba. Unafika, unasalimia na kuuliza: "Nani wa mwisho?" Mama mwenye kanga ya njano ananyanyua mkono. Basi. Hujui wewe ni wa ngapi na huna haja ya kujua, unajua tu unamfuata mama mwenye kanga ya njano. Watu kumi wakiingizwa mbele yenu, nafasi yako haibadiliki, na hakuna aliyelazimika kuja kukusahihisha.

Ndivyo inavyofanya kazi familia ya miundo ya data inayoitwa CRDT (kifupi cha Kiingereza cha “conflict-free replicated data type”, yaani data yenye nakala nyingi zinazopatana zenyewe), jina lililowekwa mwaka 2011 na Marc Shapiro na wenzake. Kila herufi inapoandikwa inapewa jina lake la kudumu: imeandikwa na kifaa gani, na ni ya ngapi kutoka kifaa hicho. Tuseme A41, yaani ya 41 kutoka kwa Asha. Kisha inakumbuka jirani yake: "namfuata B17". Herufi haisemi "mimi ni ya 14 kwenye mstari", kwa sababu kauli ya namna hiyo inageuka uongo mtu mwingine akigusa tu kibodi.

Yanabaki maswali mawili ambayo foleni ya zahanati nayo inayajua. La kwanza: watu wawili wakiingia kwa milango miwili, wote wakaambiwa wa mwisho ni mama mwenye kanga ya njano, nani atangulie? Hapo inahitajika kanuni ambayo kila mtu anaijua kabla, mathalani mwenye namba ndogo ya kifaa atangulie. Haijalishi kama kanuni ni ya haki. Muhimu ni kwamba kila simu itaamua vilevile bila kuulizana. La pili: mama akichoka na kuondoka, je? Aliyekuwa akimfuata bado anajua mahali pake, kwa sababu benchi zima linakumbuka mama alikuwa amekaa wapi. Kwenye CRDT herufi iliyofutwa huacha alama mahali pake, mfano wa kaburi. Haionekani kwenye skrini lakini ipo. Ndiyo maana waraka ulioandikwa na kufutwa sana huwa mzito kuliko maandishi yake.

Faida ya haya yote ni kwamba mabadiliko yanaweza kufika kwa mpangilio wowote, hata mara mbili, na matokeo yatakuwa yaleyale kwa kila mtu. Karani wa katikati amepoteza kazi ya uamuzi.

Lakini usidanganywe na wanaosema CRDT humaliza migongano yote. Inahakikisha sote tunaona kitu kimoja, haihakikishi kwamba kitu hicho kina maana. Chukua neno lililokosewa, "mchago". Asha anaona kosa, anaingiza n. Baraka anaona kosa, naye anaingiza n sekunde ileile. Programu inaheshimu nia ya kila mmoja na wote wawili wanapata "mchanngo". Kwa maandishi hilo ni la kucheka. Kwa fedha ni balaa: kikoba kina 100,000, watunza hazina wawili wako nje ya mtandao, kila mmoja anatoa 80,000. Rekodi zote mbili zitaunganishwa vizuri kabisa, na sanduku litakuwa limetoa 160,000 ambazo halikuwa nazo. Salio la fedha, kiti cha basi na chumba cha wageni vinahitaji mahali pamoja panaposema ndiyo au hapana. Visiingizwe humu.

Kama seva haiamui, inafanya nini?

Inafanya kazi mbili: ni karani wa kumbukumbu na ni bawabu. Ukishalielewa hilo, ujenzi wenyewe unakuwa rahisi kuuwaza. Nitatumia jozi ninayoifahamu. Yjs ni maktaba ya CRDT, yaani msimbo uliokwisha kuandaliwa, ya JavaScript, lugha ya programu za kivinjari. Ilianzishwa na Kevin Jahns. Inakaa kwenye kivinjari cha kila mtumiaji. Hocuspocus ni seva ya kuhudumia nyaraka za Yjs, inayotengenezwa na timu ya Tiptap ya Berlin. Zote mbili zina leseni ya MIT, ambayo haikubani kwa mengi. Hocuspocus inaendeshwa juu ya Node.js, programu inayoendesha JavaScript kwenye seva, na kwa timu ya watu wachache seva ndogo ya kukodi, hata ya RAM ya GB 1, inatosha kuanzia. Hilo hushangaza waliozoea kusikia kwamba papo kwa papo ni mambo ya makampuni makubwa. Kumbuka kazi nzito ya kupatanisha inafanyika kwenye simu za watu pia.

Mawasiliano yanapita kwenye websoketi, kiwango cha mtandao kilichochapishwa mwaka 2011. Ukurasa wa kawaida wa tovuti ni kama kutuma ujumbe mfupi: unauliza, unajibiwa, mazungumzo yamekwisha. Websoketi ni simu ambayo haikatwi, kila upande unasema wakati wowote. Kwa sababu hiyo, ukiweka Nginx, programu inayopokea maombi mlangoni na kuyapitisha ndani, mbele ya Hocuspocus, kama wengi tunavyofanya ili kupata cheti cha usalama cha bure cha Let's Encrypt, lazima uiambie waziwazi ipitishe ombi la kugeuza ujumbe kuwa simu. Kwa kawaida yake haipitishi. Pia hukata simu iliyokaa kimya kwa sekunde 60 usipoiagiza vinginevyo. Nadhani nusu ya vilio vya "kwangu kwenye kompyuta ilikuwa inafanya kazi" vinaishia kwenye mistari hiyo miwili au mitatu ya mipangilio.

Kifaa kikirudi mtandaoni baada ya kukatika hakitumi waraka mzima. Kinajitambulisha kwa muhtasari: kutoka kwa Asha ninazo hadi 41, kutoka kwa Baraka hadi 17. Seva inajibu kwa zile zinazopungua tu, nacho kinatoa zile ambazo seva haina. Wenye bando dogo watalipenda hili. Ukiongeza hifadhi ndani ya kivinjari chenyewe, ambayo Yjs inayo kama nyongeza, mtu anaendelea kuandika hata mtandao ukizima kabisa. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu baharini na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na kwa majirani, tofauti kati ya programu inayosubiri seva na inayoandika kwanza kwenye kifaa haikuhitaji kuelezwa na mtaalamu.

Ukarani wenyewe ndio unaoumiza watu, na mimi ni mmoja wao.

Watu wakiwa ndani ya waraka, Hocuspocus huushika kwenye kumbukumbu ya muda ya seva. Mabadiliko yakitulia kwa sekunde 2 inaita sehemu ya msimbo inayohifadhi. Yasipotulia, haisubiri zaidi ya sekunde 10. Huo ndio mpangilio wake wa kawaida na unaweza kuubadili. Ila kama hukuchomeka hifadhi yoyote, hakuna kinachohifadhiwa: mtu wa mwisho akitoka, waraka unaondoka naye. Kwa kuanzia, chomeka nyongeza ya SQLite, ambayo ni faili moja tu kwenye diski. Baadaye utahamia hifadhidata kubwa kama PostgreSQL ukihitaji.

Sasa kosa langu. Niliona kinachohifadhiwa ni baiti zisizosomeka na binadamu, nikachukia. Nikaamua niwe mjanja: nihifadhi orodha ya majina kwa maandishi ya kawaida, na waraka ukifunguliwa niujenge upya kutoka kwenye maandishi hayo. Siku ya kwanza kila kitu kilikuwa shwari. Asubuhi ya pili kila mchangiaji alionekana mara mbili, na jumla ya ahadi nayo imekuwa mara mbili. Kwa nusu saa hivi kamati iliamini harusi inahamia hoteli ya ufukweni.

Rudi kwenye foleni utaona nilichokosea. Nilipojenga waraka upya, herufi zilikuwa zilezile kwa macho lakini zilipewa majina mapya ya kudumu. Simu za wajumbe zilikuwa bado na zile za zamani. Zilipokutana, Yjs iliona wagonjwa wawili tofauti wanaofanana sura, ikawapa wote nafasi. Ilikuwa sahihi kabisa, mimi ndiye niliyewapa watu vitambulisho vipya kila walipolala na kuamka. Kwa hiyo hifadhi zile baiti kama zilivyo na upakie zilezile. Ukihitaji maandishi ya kutafutia au ya ripoti, andika nakala pembeni, lakini usithubutu kuupakia waraka kutoka kwenye nakala hiyo.

Nakala ya akiba ni jambo jingine, usilichanganye na hili. Mtu akifuta orodha yote kwa makusudi, CRDT itaupeleka ufutaji huo kwa kila kifaa kwa uaminifu mkubwa. Nakili faili la hifadhi kila siku mahali pengine.

Kisha bawabu. Hocuspocus ikiwashwa bila msimbo wa kuhakiki watumiaji, yeyote anayeijua anwani ya seva na jina la waraka anaingia, anasoma na kuandika. Wengine hufariji nafsi zao kwa kuupa waraka jina refu. Jina la waraka si nywila. Linabaki kwenye historia ya kivinjari, kwenye picha za skrini na kwenye viungo vinavyosambazwa. Utaratibu unaofaa ni kama wa tiketi: mfumo wako mkuu, ule ambao watu huingia kwa nywila, unampa mtumiaji tokeni yenye sahihi. Anapounganishwa, Hocuspocus inaikagua kwenye sehemu yake iitwayo onAuthenticate na kuamua anaruhusiwa waraka gani, na kama ni kusoma tu au kuandika pia. Kwa orodha yenye majina, namba za simu na viwango vya fedha za watu, hilo si la hiari. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na hakuna mahali zinaposema mwenye seva ndogo amesamehewa.

Vile vishale vya rangi vyenye majina ya wenzako, vinavyotembea kwenye waraka, hupita njia nyingine kabisa. Havihifadhiwi. Kifaa kikinyamaza kwa sekunde 30, Yjs inamhesabu mwenyewe kuwa ameondoka. Ukimwona mwenzako "yupo" na huku amezima simu, subiri kidogo kabla ya kulaumu programu.

Kuhusu kukua, wengi hulihangaikia mapema mno. Seva moja ikielemewa utaweka kadhaa na kuzifanya zipashane habari kupitia Redis, hifadhidata ya haraka inayoshika data kwenye kumbukumbu ya muda, ambayo Hocuspocus ina nyongeza yake. Naitaja Redis kwa sababu nyingine. Machi 2024 waendeshaji wake waliiondoa kwenye leseni huria ya BSD, na ndani ya siku chache tu wachangiaji wakaanzisha tawi (nakala ya msimbo inayoendelezwa kivyake) lililobaki huria, Valkey, chini ya shirika la Linux Foundation. Mei 2025 Redis yenyewe ikarudi na leseni huria, safari hii AGPL, yenye masharti mazito zaidi kwa anayeubadili msimbo na kuutolea huduma mtandaoni. Neno "huria" linakaa ndani ya leseni, na leseni ya toleo lijalo inaweza kubadilika. Soma ile ya toleo unalosakinisha.

Na "bure"? Mbuzi wa kupewa bado atakula majani. Utalipa kodi ya seva kila mwezi na jina la tovuti kila mwaka, halafu saa za mtu wa kusasisha programu na wa kuamka seva ikilala. Kama hayupo mtu huyo, kulipia huduma iliyo tayari kunaweza kuwa nafuu, nami siioni aibu yake. Ukiwa naye, unachopata ni kwamba orodha yenu iko kwenye diski mnayoijua, na bei haipandi kwa sababu wajumbe wameongezeka kutoka 10 hadi 40.

Kabla ya kumkabidhi mtu yeyote anwani, nafanya jaribio lilelile. Simu mbili, waraka mmoja. Nazima data kwenye zote, kisha naandika jina la 14 kwenye kila simu, majina tofauti. Naenda kwenye seva, naiua ghafla bila kuiaga, naiwasha tena. Narudisha data kwenye simu ya kwanza, nasubiri, kisha ya pili. Majina yote mawili yanatakiwa yawepo, kwa mpangilio uleule kwenye skrini zote, kila moja mara moja tu. Simu moja huwa naiandikia jina lolote linalonijia. Kwenye nyingine huwa naandika "Shangazi".